Bandama kuvimba ni malaria tu au kuna mengine? La mdogo wangu limefika karibu na kitovu

Mwanabuchosa #1
Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu wa miaka 14, anaishi na bibi kijijini mwambao wa Buchosa huko, mimi niko Dar natafuta. Mwaka jana nilipoenda likizo nikamwona tumbo limejaa upande wa kushoto, nikamlaza nikashika nikakuta kitu kigumu chini ya mbavu, kigumu kama jiwe la kusagia. Bibi akasema hilo bandama, watoto wote wa pale wanalipata na linaisha lenyewe. Nikaacha. Sasa juzi napigiwa simu dogo kachoka, viganja vyeupe, akila ugali tonge mbili tatu anasema tumbo limejaa. Kituo cha afya walimtoboa kidole wakakuta malaria wakampa mseto, homa imekata lakini jiwe liko palepale. Tukajichanga akapelekwa mjini ultrasaundi, karatasi inasema bandama sentimita 19. Bibi kashasema hataki mambo mengi, anamwita mzee fulani amchanje chale. Naombeni mnisaidie, bandama kuvimba ni malaria tu au kuna mengine? Na hiyo 19 ni kubwa kiasi gani?

nesi_wa_zamu #2
Pole sana. Bandama la mtu mzima kwa kawaida ni kama sentimita 11 au 12 kwa urefu, uzito kama gramu 150 hivi, limejificha juu kushoto nyuma ya mbavu na ukibonyeza kwa mkono hulipati. Ukishaweza kulishika ujue limekua. 19 kwa mtoto wa miaka 14 ni kubwa sana hiyo sio ya kusubiri. Kwa huko kwetu namba moja ni malaria za kurudiarudia. Bandama ndo chujio la damu, linakamata chembe nyekundu zilizochoka na zenye wadudu, sasa mtoto akiugua malaria kila mvua bandama linafanya kazi bila kupumzika mpaka linanenepa.

Kisiwa_Ukerewe #3
Nesi nakuheshimu ila hapo umeruka. Umesoma kasema BUCHOSA. Mwambao. Mtoto anaoga ziwani, anachota maji ziwani, anavulia dagaa ziwani. Hiyo ni kichocho mpaka ithibitike vinginevyo. Sisi Ukerewe tumezika watu kwa hiyo kitu.

Pwani_Kabisa #4
Kichocho si kukojoa damu? Dogo hajasema anakojoa damu. Mimi nimekua Pangani tulikuwa tunakojoa damu utotoni na hakuna aliyekuwa na tumbo la hivyo.

Kisiwa_Ukerewe #5
Pwani_Kabisa kuna vichocho viwili ndugu yangu. Cha kwenu huko pwani na Unguja na Pemba ni cha kibofu, hicho ndo cha kukojoa damu. Cha kwetu kandokando ya ziwa ni cha tumbo. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, inataga mayai, mayai mengine yanatoka na choo mengine yanasukumwa na damu hadi kwenye ini yananasa huko. Miaka inapita ini linaota makovu, damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini inakosa njia, inarudi nyuma inajaa kwenye bandama. Bandama linavimba kwa sababu ya msongamano sio kwa sababu ya mdudu kuwa ndani yake. Na ile damu nyingine inatafuta vichochoro, inapita mishipa ya koo la chakula, mishipa inatanuka, siku inapasuka mtu anatapika damu beseni zima. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, aliondoka hivyohivyo akiwa na miaka 41. Asubuhi alikuwa anashona nyavu.

Pwani_Kabisa #6
Dah pole sana mkuu. Hilo la vichocho viwili nilikuwa silijui kabisa nimejifunza leo.

mama_wa_Neema #7
Mmewahi kumpima sikoseli? Nauliza kwa sababu mwanangu alianza hivihivi. Alikuwa na miezi tisa, vidole vimevimba, baadae bandama. Nesi mmoja kliniki, Mungu ambariki popote alipo, alinishika mkono akaniwekea tumboni kwa mtoto akanifundisha kulitafuta bandama, akanipa kijiti cha kupimia, akasema kila siku ukimwogesha pima kutoka ubavuni mpaka linapoishia. Mimi nikaona ananitesa tu. Siku moja jioni mtoto kapauka ghafla, midomo kama karatasi, nikapima kijiti hakitoshi, bandama limeshuka mpaka kwenye nepi. Kumbe damu yote imejifungia mle ndani. Tulifika hospitali wakamwongezea damu usiku uleule daktari akasema mngelala nyumbani mngeamka na maiti. Neema sasa ana miaka 8 yuko darasa la tatu. Kwa hiyo mimi mtu akisema bandama siwezi kunyamaza.

Fundi_Baiskeli #8
Mama Neema umenitoa machozi. Ila nilivyosikia mimi mgonjwa wa sikoseli bandama lake linakufa, linasinyaa halionekani hata kwa ultrasaundi. Sasa dogo ana miaka 14 na lake ni sentimita 19, sikoseli hapo itatokea wapi?

Tabibu_wa_Ziwa #9
Wote mko sahihi nusu. Kwa mtoto mdogo mwenye sikoseli bandama linavimba, kisha kwa sababu chembe zinakwama kwenye mishipa yake midogo linakufa kidogokidogo, wengi wakifika miaka mitano au zaidi kidogo limeshabaki kovu. Hiyo ndo sababu wanapewa penisilini kila siku utotoni na chanjo za vichomi, maana bila bandama mwili hauna mlinzi dhidi ya baadhi ya bakteria. LAKINI wapo ambao linabaki kubwa hadi ukubwani, hasa wenye sikoseli iliyochanganyika na talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli duniani kwa hiyo kipimo hicho asikose. Mwanabuchosa dogo ana historia ya maumivu ya mifupa? Macho ya njano? Kulazwa mara kwa mara akiwa mdogo?

Mzee_Kayuki #10
Vijana nawasoma. Mimi nimezaliwa 1951. Nilikuwa na bandama kama la huyo mtoto, nikienda kuchunga ng'ombe natembea nimeinama. Mama alimleta mzee akanichanja chale hapa ubavuni kushoto, mistari mitatu, akapaka dawa nyeusi. Alama ninazo mpaka leo. Bandama likaisha, nimezaa watoto tisa. Msidharau mambo ya wazee.

nesi_wa_zamu #11
Shikamoo mzee wetu. Hatudharau. Ila mzee naomba nikuulize, ulichanjwa ukiwa na umri gani na lilichukua muda gani kuisha?

Mzee_Kayuki #12
Marahaba. Nilikuwa na miaka kama sita. Liliisha taratibu, nafikiri nilipofika kumi na kitu halipo.

Tabibu_wa_Ziwa #13
Shikamoo mzee. Hapo ndo penyewe. Kwenye maeneo ya malaria nyingi watoto wengi bandama linavimba wakiwa wadogo, halafu wakikua mwili unazoea kupambana na vimelea na bandama linarudi lenyewe. Zamani kabla ya vipimo vya sasa wataalamu walikuwa wanaingia kijijini wanawapanga watoto wa miaka 2 mpaka 9 wanawashika matumbo mmoja mmoja. Wakikuta zaidi ya nusu wana bandama wanaandika hapa malaria imekithiri, wakivuka robo tatu ndo kabisa. Kwa hiyo mzee, la kwako lingeisha na chale au bila chale. Tatizo la huyu dogo ni kwamba ana miaka 14, umri ambao lingetakiwa liwe linapungua, lake ndo linaongezeka.

Mzee_Kayuki #14
Hilo la kupangwa nalikumbuka. Walikuja shuleni wakatushika matumbo tukacheka maana mkono wa yule bwana ulikuwa baridi. Sikujua walichokuwa wanatafuta. Lakini bado nasema chale zilinisaidia.

mama_wa_Neema #15
Mzee wangu kwa heshima, enzi zenu wembe ulikuwa wa nani na nani? Leo wembe mmoja ukichanja watoto watano unapitisha homa ya ini na ukimwi. Na mtoto ambaye tayari bandama linakula damu yake ukimchanja hatakata damu vizuri. Mwanabuchosa mwombe bibi asubiri.

Kijana_wa_Supu #16
Jamani samahani kutoka nje kidogo, hivi bandama ndo lile lile linalowekwa kwenye supu ya utumbo? lile laini jeusijeusi? Na wengu ni nini? Shuleni tulifundishwa wengu.

Fundi_Baiskeli #17
Ndo lilelile. Bandama na wengu ni kitu kimoja. Watu wanachanganya na kongosho, kongosho ni lingine lipo nyuma ya tumbo la chakula linahusika na sukari.

Bint_Muscat #18
Na ile unayokimbia unachomwa ubavuni sisi tulikuwa tunasema bandama limekamatika. Mwalimu alituambia ni kichomi tu cha kukimbia umeshiba, hakihusiani na kuvimba.
Nirudi kwenye mada. Mimi niko Muscat, huku mtu akikutwa na bandama kubwa hawaanzi na malaria wala kichocho, swali la kwanza ni mmeoana ndugu? nyumbani kuna sikoseli? kuna talasemia? maana magonjwa ya damu ya kurithi huku ni mengi. Binamu yangu alikaa Tanga akatibiwa malaria sijui mara ngapi, alipokuja huku wakampima wakakuta talasemia. Ndo ilikuwa inaharibu chembe nyekundu, bandama linazizoa linavimba. Malaria alikuwa nayo kweli lakini sio iliyokuwa inamvimbisha.

Kisiwa_Ukerewe #19
Bint_Muscat umesema kitu kikubwa. Kipimo cha kidole kikisoma malaria watu wanafunga faili. Huku kwetu hata ukimpima mtu aliyevunjika mguu unaweza kukuta malaria.

Tabibu_wa_Ziwa #20
Na kile kipimo kinasoma protini ya kimelea, sio kimelea chenyewe. Mtu akishamaliza dawa na kupona kinaweza kuendelea kusoma kwa wiki kadhaa. Ukitaka kujua vimelea vipo sasa hivi ni hadubini.

Chemchemi_Baringo #21
Habari wana-TZ, mimi ni mKenya wa Baringo napitia tu. Hapa kwetu tumbo kubwa la kushoto plus homa haiishi plus kukonda, tunafikiria kalazar mbele ya yote. Inaletwa na kainzi kadogo sana ka rangi ya mchanga, kadogo kuliko mbu, hakapigi kelele, kanaishi kwenye nyufa za vichuguu. Watoto wanaochunga mbuzi wanakaa juu ya kichuguu jioni wanaumwa hapo. Iko pia Turkana na West Pokot na hata Kitui. Ndugu yangu aliugua akapimwa malaria, taifodi, brusela, hakuna. Tumbo likawa kama mwanamke wa miezi sita na mikono kama vijiti. Hatimaye wakamtoa damu ya kidole kwa kipimo cha kalazar ikasoma. Sindano mbili kila siku kwa siku 17, alilia kila siku hizo zote lakini alipona, saa hii anauza asali. Kalazar isipotibiwa inaua, hiyo si mchezo.

nesi_wa_zamu #22
Karibu jirani. Kwa upande wa ziwa sijawahi kuona mgonjwa wa kalazar hata mmoja ila ni vizuri watu wajue, hasa kama dogo amewahi kwenda huko.

Mwanabuchosa #23
Hapana, hajawahi kuvuka hata Mwanza zaidi ya siku ya ultrasaundi. Asanteni sana kwa wote. Tabibu, maumivu ya mifupa hana, macho sio ya njano, hakuwa mtoto wa kulazwa. Ziwani anashinda. Jana nimempigia mjomba akaniambia kitu sikukijua, mwaka juzi shuleni waligawa zile dawa za kichocho dogo akakimbia kwa sababu wenzake walisema zinatapisha.

Kisiwa_Ukerewe #24
NILISEMA.

Tabibu_wa_Ziwa #25
Ukerewe pole pole, dalili sio jibu. Ila ni kweli zile dawa ni kubwa na chungu na watoto wakizimeza na njaa zinawasumbua, ndo maana wanatakiwa wale kwanza. Wanawapima urefu kwenye ule mti wenye alama ndo wanajua vidonge vingapi. Dogo apimwe choo, na sio mara moja, sampuli ya siku tatu tofauti, kwa sababu mayai hayatoki kila siku na ini likishakuwa na makovu ya zamani mayai yanakuwa machache zaidi. Kuna na kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo, ajabu eeh, minyoo iko kwenye utumbo lakini alama yake inaonekana kwenye mkojo. Na mwambie aliyepiga ultrasaundi aangalie mshipa mkubwa wa ini na mikanda ya makovu kuuzunguka. Hiyo picha ya makovu ikionekana, kichocho kinapanda daraja.

Shemeji_wa_Temeke #26
Samahani nimechelewa. Naomba niongeze moja ambalo hakuna aliyeligusa. Shemeji yangu, mtu mzima miaka 38, dereva wa lori, bandama lilifika kitovuni. Miaka karibu miwili anatibiwa malaria na taifodi, akaenda kwa mganga, akafunga na kuomba. Daktari mmoja kijana akasema tu hebu nione hesabu ya damu yote, kipimo cha elfu chache hicho. Chembe nyeupe kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000, za kwake zilikuwa zaidi ya 300,000. Saratani ya damu, ile ya polepole. Akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, akaanzishiwa imatinibu vidonge kila siku, ndani ya miezi mitatu bandama likarudi ndani ya mbavu. Bado anakunywa mpaka leo na bado anaendesha lori. Hajakatwa hajachomwa mionzi. Kinachoniuma mimi ni ile miaka miwili. Hesabu ya damu tu jamani.

nesi_wa_zamu #27
Mwanabuchosa dogo ana majibu ya hesabu ya damu?

Mwanabuchosa #28
Yapo, kanitumia picha. Damu 7.1, chembe nyeupe 2,900, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 68,000. Sielewi.

Shemeji_wa_Temeke #29
Basi sio kama ya shemeji, hizo ziko chini zote.

Tabibu_wa_Ziwa #30
Zote tatu zipo chini. Mara nyingi hiyo ni bandama lenyewe, likishakuwa kubwa linameza kila kitu, nyekundu, nyeupe, sahani. Na bandama la namna hiyo linaendana na kichocho cha ini, linaendana na malaria sugu, linaendana na homa ya ini B iliyokomaza ini, kwa hiyo bado hatujachagua. Shemeji, saratani nayo siifuti, kuna za mitoki na kuna za damu ambazo hesabu inakuwa chini, waangalie chembe kwenye hadubini.

nesi_wa_zamu #31
Mimi bado nashikilia malaria. Kuna ile hali mwili unazidisha majibu, mtu anapata malaria kidogokidogo miaka mingi, kinga inazalishwa kupita kiasi na bandama linakuwa kubwa kweli kweli, hata kilo na zaidi, hadubini haioni mdudu hata mmoja. Nimehudumia mama wa hivyo Kigoma, alipewa dawa ya kuzuia malaria ya kila siku, proguanili, miezi na miezi. Mseto wa siku tatu usingefanya chochote. Alipofikisha miezi sita ya dawa bandama lilikuwa nusu. Dogo mseto hajafanya kitu, hiyo haimaanishi sio malaria.

Kisiwa_Ukerewe #32
Na mimi nashikilia kichocho.

Bint_Muscat #33
Kwani haviwezi kuwa vyote viwili?

Tabibu_wa_Ziwa #34
Vinaweza, na watoto wa mwambao wengi wana vyote viwili. Ndo ugumu wenyewe.

Fundi_Baiskeli #35
Swali la mtu wa kawaida. Si walikate tu? Jirani yangu alianguka na bodaboda bandama likapasuka, alikuwa analalamika bega la kushoto tu linauma, kumbe damu imejaa tumboni. Wakalitoa na anaishi.

mama_wa_Neema #36
Kuishi bila bandama kwenye nchi ya malaria sio rahisi hivyo. Chanjo, dawa, na kila homa unakimbilia hospitali siku hiyohiyo. Wanalitoa wakikosa njia nyingine.

Tabibu_wa_Ziwa #37
Nakazia. Na uliyosema Fundi yanihusu kumwambia Mwanabuchosa: bandama la sentimita 19 limetoka nje ya mbavu, halina ngao. Ngumi, teke, kuanguka kwenye mti wa mwembe, linapasuka. Asicheze mpira, asibebwe bodaboda mishikaki. Na akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami usisubiri asubuhi.

Mwanabuchosa #38
Wakuu nimerudi. Sikoseli majibu AS, wamesema ana kirithi kimoja tu hana ugonjwa. Homa ya ini B hana. Choo sampuli ya kwanza hawajaona mayai, ya pili ni kesho, na kipimo cha mkojo wamesema kinapatikana Mwanza Ijumaa.

nesi_wa_zamu #39
Sampuli ya kwanza safi, naona upande wangu unapata nguvu.

Kisiwa_Ukerewe #40
Moja kati ya tatu nesi, subiri kesho.

Mzee_Kayuki #41
Bibi yake amesemaje?

Mwanabuchosa #42
Shikamoo mzee. Nilimsomea bandiko lako lote kwenye simu, la wewe kuchanjwa na la Tabibu kukujibu. Akanyamaza. Akasema basi wembe usubiri mpaka Ijumaa. Halafu akauliza maji wachote wapi kama ziwani kuna hatari, maana bomba lipo mbali.

Kisiwa_Ukerewe #43
Mwambie achote, amimine kwenye ndoo afunike, yakae siku mbili ndo aogee. Vile vidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono havimalizi siku mbili bila kupata ngozi ya mtu. Au ayachemshe. Kubwa dogo asiingize miguu.

Mwanabuchosa #44
Sawa nitamwambia. La mpira ndo gumu, dogo ni golikipa wa shule na wana mechi wiki ijayo. Nimwambieje?

Mzee_Kayuki #45
Mwambie babu Kayuki anamwomba ashike kibendera. Akae pembeni ya mstari, ila mbali na mpira.